Jinsi ya kutambua miwati: litazame jani

Msimu wangu wa kwanza wa kukusanya mbegu nilibeba gunia zima la maganda hadi kitaluni. Mzee wa kitalu akachomoa kijitawi kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akacheka: "Mwanangu, hii siyo miwati. Ni ndugu yake." Tangu siku hiyo nafuata hatua hizi.

1. Angalia ulipo. Miwati (*Acacia mearnsii*) ni mti wa baridi. Utaukuta Njombe, Lushoto au Limuru, siyo Tanga mjini. Kwao ni kusini-mashariki mwa Australia, Tasmania ikiwemo, ambako huota pembezoni mwa misitu na kwenye miteremko iliyopitiwa na moto. Huku kwetu uliletwa kwa ajili ya gome, ukatoroka mashambani. Sasa umejaa makorongoni na kando ya barabara.

2. Tafuta miiba. Ukichomwa, umeshika mgunga. Miwati haina mwiba hata mmoja.

3. Kata kipande kidogo cha gome. Mti mchanga una gome laini la kahawia. Mzee huwa mweusi na wenye nyufa. Gusisha ulimi upande wa ndani, kisha tema: ukakasi wake ni kama wa ndizi mbichi. Hiyo ndiyo tanini, dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama.

4. Sasa jani, na hapa usiharakishe. Jani limegawanyika mara mbili kama unyoya, na vijani vyake ni vifupi, milimita 4 kwenda chini, vimebanana. Vikiwa virefu zaidi na vimeachana, huyo ni *Acacia decurrens*, ndugu mmoja wa miwati. Kisha ligeuze jani upande wa juu, pitisha ukucha taratibu kwenye uti wake. Utahisi vinundu vidogo. Kwa miwati vinundu vipo pale matawi ya jani yanapokutana na uti, na vingine vimetawanyika katikati bila mpangilio. Kama vipo kwenye maungio tu, na jani lina rangi ya kijivu kama limepakwa majivu, ni *Acacia dealbata*, ndugu mwingine. Ndiyo niliyoijaza guniani. Ncha changa za miwati zina manyoya ya rangi ya dhahabu.

5. Maua na maganda. Maua ni vijipira vya manjano iliyopauka, karibu na rangi ya maziwa; ya dealbata ni manjano kali. Maganda ya miwati yamebanwa kati ya mbegu na mbegu, utadhani shanga kwenye uzi.

Jina *mearnsii* lilitolewa mwaka 1925, kwa heshima ya Edgar Mearns, daktari wa jeshi la Marekani aliyechukua sampuli Kenya mwaka 1909. Mti wa Australia, ukapewa jina kutokana na tawi la Kenya!

6. Ukishauhakikisha, kusanya maganda yaliyokauka mtini na uyatandike juu ya turubai. Usiyamwage shambani: mbegu zina ganda gumu, hulala ardhini miaka mingi, na siku ukichoma majani zinaota zote kwa pamoja.