Kugawa nguvu kwa safu ya antena nne za dielektriki

Safu ya antena za dielektriki, yaani vipande vya seramiki vinavyorusha mawimbi ya redio, ikitoa mwale uliopinda, mimi huanza kukagua njia zinazozilisha, si vipande vya seramiki. Seramiki nzuri hupoteza nguvu kidogo sana. Kasoro nyingi huwa kwenye kigawanyo, yaani njia za shaba za ubao zinazogawa nguvu kwa antena.

Tuchukue antena nne kwenye mstari mmoja, masafa ya 5.8 GHz, kila moja ikilishwa kupitia mwanya uliokatwa kwenye bamba la ardhi (shaba ya upande wa pili wa ubao). Ukizigawia sawa kwa sawa, miale ya pembeni itakuwa chini ya mwale mkuu kwa desibeli 11 hivi tu. Ukitaka 20, basi kwa kila sehemu 3 za nguvu zinazokwenda kwa antena ya katikati, ya ukingoni ipate 1. Mimi huupenda mgawo huu, maana unajengeka.

Mgawanyo wa kwanza ni wa nusu kwa nusu. Njia mbili za omu 50 (omu hapa ni ukinzani wa njia kwa wimbi) zikikutana zinaonekana kama omu 25, kwa hiyo tanguliza kipande cha robo ya wimbi chenye omu 35.4: njia yenye urefu wa robo ya wimbi, inayooanisha omu 50 na 25. Wengi huweka hapa kigawanyo cha Wilkinson, chenye rizista ya omu 100 kati ya matawi yake mawili. Mimi huiacha rizista hiyo: safu ikiwa na ulinganifu, kinachorudi kutoka kushoto ni sawa na kinachorudi kutoka kulia, na rizista hula tofauti tu.

Mgawanyo wa pili, unaogawa kila nusu kati ya antena ya katikati na ya ukingoni, ndio wenye kazi. Ukigawa 3 kwa 1 moja kwa moja kutoka omu 50, matawi yatadai omu 66.7 na 200, na njia ya omu 200 ni nyembamba mno kuchongeka. Shusha kwanza makutano hadi omu 25 kwa kipande kingine cha 35.4. Sasa matawi yanadai 33.3 na 100. Yarudishe kwenye 50 kwa robo ya wimbi ya omu 40.8 na ya omu 70.7. Zote mbili zinachongeka vizuri.

Kwenye ubao wa unene wa milimita 0.8 wenye kipimo cha dielektriki 3.55, njia ya omu 50 ina upana wa milimita 1.8 hivi na robo yake ya wimbi ni kama 7.7. Njia nyembamba zaidi huhitaji robo ndefu kidogo, kwa hiyo usinakili urefu mmoja kila mahali.

Angalia pia upande ambao kila njia inaingilia mwanya wake. Zikiingia kwa pande zinazopingana, fezi (hatua ya wimbi katika mzunguko wake) hugeuka nyuzi 180 na mwale wa mbele hufutika. Nusu ya wimbi ya ziada hurekebisha hilo kwenye masafa ya kati peke yake. Afadhali zote ziingie upande mmoja.

Kabla ya kugundisha seramiki, chonga ubao wa majaribio usio na mianya, ufunge ncha za kutokea usizozipima kwa rizista za omu 50, kisha upime. Katikati tarajia desibeli 4.3 chini ya ingizo, ukingoni 9, ukiongeza upotevu wa ubao. Fezi zikiachana kwa nyuzi 10, hiyo ni karibu milimita 0.9 ya njia: rekebisha urefu, usiguse upana.