Ukocha wa kuogelea chuoni: anza na daftari, hapa hapa Bukavu

Mdogo wangu, wanafunzi wengi wanaoniuliza jinsi ya kuwa kocha wa kuogelea chuoni, hasa Marekani, huanza na habari ya diploma. Mimi huwauliza daftari la kuandikia muda wa waogeleaji wao liko wapi. Diploma utaihitaji, na vyuo vya Marekani kwa kawaida hudai walau shahada ya kwanza, ila daftari ndilo litakaloonyesha kwamba kuna watu uliowafundisha wakaendelea.

Kusanya wanafunzi wenzako sita au wanane. Wengi wetu hatuna pisini, tuna Ziwa Kivu. Chagua ghuba tulivu, fika asubuhi kabla upepo haujaamsha mawimbi. Pima kamba ya mita 25 kwa mita ya fundi, usipime kwa hatua. Funga bidoni tupu kila mwisho na jiwe la kuishikilia, kisha nyoosha kamba sambamba na ufuko, maana ziwa letu huwa na kina ghafla. Kamba ikipungua mita moja, kila muda utakaoandika ni wa uongo.

Kabla ya yote, jifunze uokoaji na huduma ya kwanza. Uliza Msalaba Mwekundu. Waogeleaji waingie wawili wawili, wahesabu wakiingia na wakitoka, na mtu mmoja abaki nchi kavu na kamba mkononi. Mwezi wa 10 mwaka 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni. Mzazi anayekukabidhi mtoto wake hajasahau. Na ukifundishia upande wa Goma, waulize wenyeji mazuku iko wapi: ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya mabondeni na kando ya ziwa alfajiri upepo ukiwa haujavuma. Huko, usiwahi mno.

Sasa daftari. Kila baada ya wiki chache, mpime kila mmoja mita 400, apumzike vya kutosha, kisha mita 200. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, gawanya kwa mbili. Aliyetumia dakika 8:00 na 3:48 anapata 2:06: hiyo ndiyo kasi ya kila mita 100 anayoweza kuistahimili, na juu yake utapanga mazoezi yake. Andika kando "ziwa, mita 25, bila ukuta", kwa sababu anayezunguka bidoni hana mahali pa kujisukuma kwa miguu. Msimu wa vyuo vya Marekani huogelewa kwenye pisini za yadi 25, yaani mita 22.86, asiyeandika urefu hawezi kulinganisha chochote.

Ngazi yenyewe ni ndefu. Anthony Nesty wa Suriname alishinda mita 100 mtindo wa kipepeo kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 kwa 53.00, akimpita Matt Biondi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Hata mtu huyo alikuwa kocha msaidizi Chuo Kikuu cha Florida miaka mingi kabla ya kukabidhiwa timu ya wanaume mwaka 2018. Mwaka 2024 aliwaongoza waogeleaji wanaume wa Marekani kwenye Olimpiki ya Paris. Wengi huanza wakiwa wanafunzi wa shahada ya pili wanaomsaidia kocha, na vyuo vingine huwalipia masomo badala ya mshahara mnono. Kazi yenyewe haiishii majini: kanuni za kule huzuia mazoezi ya lazima kupita saa 20 kwa wiki katika msimu, na muda mwingi uliobaki kocha huutumia kutafuta vijana wa sekondari na kuzungumza na wazazi wao.

Mlango mmoja nitakutajia: Chuo Kikuu cha Delaware kina kozi ya makocha kutoka nchi mbalimbali, na maombi hupitia kamati ya Olimpiki ya nchi yako. Hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anza kukisoma mwaka huu, na mwombe mwalimu wako wa michezo atie sahihi daftari kila mwisho wa mwezi.