Kupanga bei ya ritena kwa mpiga picha wa hafla, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mteja akikuambia, "Tutakuwa tunakuita kila mwezi, tupunguzie," usimtajie bei hapo hapo. Ritena ni mkataba ambao mteja analipia idadi fulani ya siku zako kila mwezi, na kitu cha kwanza anachonunua ni tarehe. Jumamosi uliyowawekea SACCO ni Jumamosi ambayo huwezi tena kupokea harusi ya Milimani wala mazishi ya Siaya. Bei ianzie hapo.

Hesabu zilizo hapa chini ni za mfano. Weka zako, lakini fuata mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Jua siku moja inakugharimu nini

Anza na vifaa. Tuseme kamera mbili, lenzi tatu na flashi mbili vimekugharimu shilingi 324,000. Ukivihesabu kwa miaka mitatu, ni 9,000 kwa mwezi. Wengi huhesabu miaka mitano au sita, na wanaumia. Canon 5D Mark IV, kwa mfano, shata yake (pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha) ilikadiriwa na mtengenezaji kuhimili mibofyo 150,000. Hafla ya kutwa hula mibofyo 1,200 kwa urahisi. Ukifanya siku nane kwa mwezi na kugawa kazi kati ya kamera mbili, shata zote mbili zinafika kiwango hicho baada ya miezi 31 hivi.

Ongeza kodi ya chumba cha kazi 8,000, intaneti 3,000, programu za kuhariri 2,500, bima ya vifaa 3,000, diski 1,500 na simu 1,000. Jumla, pamoja na vifaa, ni 28,000. Kisha weka mshahara wako mwenyewe, tuseme 60,000. Sasa ni 88,000.

Hii gawanya kwa siku unazoweza kuuza kweli. Hafla ya saa nane ina safari ya saa mbili kwenda na kurudi, saa moja na nusu ya kuchuja picha 1,200 zibaki 250, saa sita na robo za kuhariri (dakika moja na nusu kwa kila picha), na saa moja ya kunakili na kupakia. Hizo ni karibu saa 19 kwa siku moja unayolipwa. Ukijumlisha muda wa kutafuta kazi na kufuatilia malipo, siku nane kwa mwezi zinatosha kabisa. 88,000 kwa 8 ni 11,000. Hiyo ndiyo sakafu yako, usishuke chini yake kwa mteja yeyote. Ongeza asilimia 15 ya faida na dharura, upate 12,650; iite 13,000.

Hatua ya 2: Punguzo, na masharti yake

Siku nne kwa mwezi kwa 13,000 ni 52,000. Toa asilimia 10 na mkataba unakuwa 46,800, yaani 47,000. Kila siku inakuletea 11,750, bado juu ya sakafu. Ukikubali asilimia 30 ambayo wateja wengi huomba, unabaki na 36,400. Hiyo ni 9,100 kwa siku, na kila ukibeba begi unatoa 1,900 mfukoni mwako kugharamia hafla ya mtu mwingine.

Punguzo hutolewa kwa mteja anayekubali mambo mawili: miezi sita kwa uchache, na kulipa mwanzoni mwa mwezi, kabla ya kazi. Asipokubali, bei ni ile ya siku moja moja.

Hatua ya 3: Andika siku ni nini

Mikataba mingi huharibikia hapa.

Siku ni saa nane, na zinahesabiwa kuanzia saa uliyoambiwa ufike. Kadi ya mwaliko inasema saa tatu asubuhi, mgeni rasmi anaingia saa sita, na hotuba ya mwisho inaisha saa kumi na mbili jioni. Kama mkataba hautaji saa ya kuanza, saa hizo tatu za kusubiri zimekuwa sadaka. Saa ya ziada itoze 2,000.

Nusu siku haiwi nusu bei, kwa sababu ukishatoka saa saba mchana hakuna hafla nyingine itakayokupokea. Nusu siku tatu zihesabiwe kama siku mbili.

Jumamosi weka moja tu kwa mwezi ndani ya mkataba. Aprili, Agosti na Desemba, shule zinapofungwa, Jumamosi zote ziwe nje ya ritena au ziongezewe bei. Hizo ndizo zinazokulipia miezi mikavu.

Siku zisizotumika ndiyo mtego mkubwa zaidi. Shirika linaweza kukaa kimya Machi, Aprili na Mei, halafu kaunti na washirika wake wanakimbizana na mwisho wa mwaka wa fedha, tarehe 30 Juni, na ghafla linadai siku 16 ndani ya mwezi mmoja. Ruhusu siku moja tu kuvukia mwezi unaofuata. Isipotumika humo, imekwisha. Eleza hili uso kwa uso kabla ya sahihi, maana mteja anayelisoma baadaye huona ameonewa.

Hatua ya 4: Safari

Chora mpaka. Kwa aliyeko Kisumu, Maseno upande mmoja na Ahero upande mwingine panatosha. Ndani ya hapo nauli iko kwenye bei. Kakamega, Busia au Homa Bay mteja analipa usafiri, na hafla ikianza saa mbili asubuhi, analipa na malazi ya usiku wa kuamkia siku hiyo.

Hatua ya 5: Malipo na kodi

Omba amana ya mwezi mmoja siku ya sahihi, nayo igharamie mwezi wa mwisho. Malipo ya kila mwezi yaingie kufikia tarehe 5. Yakichelewa siku kumi, tarehe zote za mwezi huo ziko huru kuuzwa.

Kampuni na mashirika hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada za kitaalamu zikifika 24,000 kwa mwezi. Kwenye 47,000 wanazuia 2,350, unapokea 44,650. Usiongeze bei kufidia: hiyo ni kodi yako iliyolipwa mapema, na cheti chake utakikuta iTax, mfumo wa kodi wa KRA mtandaoni, wakati wa kuwasilisha ritani ya kodi. Fuatilia kionekane. Toa ankara kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, pia, kwani bila hiyo mhasibu wao hawezi kuhesabu malipo yako kama gharama.

Hatua ya 6: Haki na hifadhi

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi uliyoagizwa kufanya huhesabika kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo andika kwamba hakimiliki inabaki kwako, na mteja anapata ruhusa ya kutumia picha kwenye tovuti, mitandao na ripoti zake. Bango la barabarani na matangazo ya kulipia yana bei yake.

Picha za watoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Andika kwamba kuipata ni jukumu la mteja.

Picha ghafi 1,200 za MB 35 ni GB 42. Siku nne kwa mwezi kwa mwaka mzima ni kama TB 2, na nakala mbili ni diski mbili. Ahidi hifadhi ya miezi 12, basi.

Hatua ya 7: Kuachana

Weka notisi ya siku 30. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, miradi mingi ya afya Magharibi mwa Kenya ilifunga kazi ghafla. Pamoja na notisi na amana, usiruhusu mteja mmoja azidi theluthi ya mapato yako.

Kila mwisho wa mwezi mtumie mteja ujumbe wa namna hii, pesa zikiwa zimeingia au la:

"Julai: siku za mkataba 4, zilizotumika 3. Inayovuka 1, mwisho wake 31 Agosti. Saa za ziada 2, sh 4,000, zitaongezwa kwenye ankara ya Agosti."