Kabla hujafowadi hiyo picha kwenye grupu

Oya wadau wa Mbeya, tuongee kidogo. Lori likipinduka Mlima Nyoka, dakika kumi tu picha za marehemu zishafika Mwanjelwa na Kabwe, mke wake mwenyewe anazionea kwenye grupu la vikoba, kweli hiyo ni haki jamani? Usipige sura wala namba ya gari, kama ushatumiwa futa, usisogeze mbele.

Umbea nao hivyohivyo. Uliza kwanza nani kaona kwa macho yake, maana ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haichekeshi, ukisambaza uongo kwa makusudi faini inaanzia milioni 5 au jela miaka 3 kwenda juu, au vyote, na kumtukana na kumtisha mtu mtandaoni ni balaa lilelile (hata aliyekula hela yako ya viazi, nenda polisi, usimpost).

Ile meseji ya "tuma kwenye namba hii" usijibu, ifowadi 15040, ile namba ya kuripoti matapeli, wakiuliza andika namba ya tapeli. Halafu piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, mi nilikuta moja siijui kabisa.