Kabla ya Kukiri Deni kwa Maandishi

Anayedaiwa huandika upesi, kwa kuwa mdai amesimama mlangoni au simu haiachi kuita, na mara nyingi ile sentensi aliyoiandika apate kupumua ndiyo itakayosomwa mahakamani. Kwa hiyo ajiulize kwanza deni lenyewe ni la lini. Nchini Tanzania, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 ya kufungua shauri linalotokana na mkataba. Lakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake kabla muda huo haujaisha, hesabu huanza upya tangu siku aliyokiri. Barua fupi ya "deni lako nalitambua, nivumilie hadi nivune", iliyotiwa saini mwaka wa 5, yaweza kumpa mdai miaka 6 mingine. Simshauri mtu adhulumu. Namtaka ajue anachokiandika.

Kisha aandae hesabu yake kabla ya kushika kalamu. Fedha alizopokea zitenganishwe na riba, maana akiandika tu "nadaiwa 1,300,000" ilhali mkononi alipokea 1,000,000, atapata taabu kueleza baadaye kwamba zile laki tatu ni riba ambayo hakuwahi kuikubali. Malipo aliyokwisha kutoa yatajwe pamoja na tarehe zake. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kwa sababu 500,000 hugeuka 1,500,000 kwa mchoro mmoja wa kalamu, lakini "shilingi laki tano tu" haichokonoleki kirahisi hivyo. Nafasi tupu iliyobaki juu ya saini ipigwe mstari wa mshazari, na karatasi isiyoandikwa kitu isisainiwe hata kama anayeileta ni shemeji. Nakala, au walau picha ya simu, ichukuliwe palepale kabla hawajaachana.

Ujumbe wa simu nao usidharauliwe. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mahakama haiukatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, na ujumbe uliofutwa kwenye simu ya mdaiwa huenda mdai alikwisha kuupiga picha. Anayebanwa usiku asijibu "poa, nitalipa yote" ili alale; aandike kwamba ameusoma ujumbe na atajibu akishakagua hesabu, kisha kesho yake akae na stakabadhi zake azikague kweli.