Kabla Hujaanza Siku Mbili za Juisi Tupu

Anayetaka kukaa siku chache kwa juisi tupu huanza na swali la matunda: nichanganye nini na nini? Mimi ningemrudisha nyuma kidogo, nimuulize anatafuta nini. Kama ni kutoa sumu mwilini, kazi hiyo ina wenyewe, ini na figo. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, uwe umekula pilau au umekunywa juisi ya karoti. Kama ni kupunguza uzito, utakachopoteza kwa siku mbili kwa sehemu kubwa ni maji, na yatarudi. Lakini kama unataka kujipima, uone unaweza kuiambia njaa isubiri, na kutuliza kichwa kilichochoka makelele, hapo pana jambo la kufanya. Sehemu kubwa ya jambo hilo hufanyika kabla ya glasi ya kwanza.

Afya kwanza. Mwenye kisukari, hasa anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, asijaribu bila daktari wake: juisi inaweza kupandisha sukari haraka, na kukosa mlo kukaishusha ghafla. Mwenye ugonjwa wa figo anaweza kudhurika na potasiamu iliyomo kwenye machungwa, ndizi na karoti. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye vidonda vya tumbo, na yeyote aliyewahi kuingia kwenye tabia ya kujinyima chakula au kujitapisha, nawaomba wote waliache hili. Anayetumia dawa za kila siku asizikatishe, na aulize zipi humezwa na chakula. Aulizie pia balungi, maana huingiliana na baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli, ikafanya dawa izidi nguvu kwenye damu.

Siku mbili zinatosha. Juisi haina protini ya maana, na kurefusha hakuongezi ujasiri wowote, kunaongeza udhaifu. Chagua siku ambazo huna safari ya kuendesha gari, huna kazi ya suluba juani, wala huna harusi ya jirani.

Wiki moja kabla, shughulikia chai na kahawa. Hapa ndipo wengi huangukia. Aliyezoea vikombe vinne vya chai ya rangi akiviacha kwa mpigo, kichwa huanza kugonga ndani ya saa 12 hadi 24, na siku ya pili huwa ndiyo mbaya zaidi. Atasikia wenzake wakimwambia, "Vumilia, hiyo ni sumu inatoka." Si sumu, ni mwili unaidai kafeini yake. Ukipunguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili, utafika siku yenyewe na kichwa chepesi, na utaweza kujua utulivu unaousikia umetoka wapi.

Sasa matunda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linahesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kwenye bakuli la sukari, na linashauri zote kwa jumla zisizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida. Glasi moja ya juisi ya machungwa ina takriban gramu 20. Glasi tatu tu zimeshavuka. Na ubongo, unaotumia karibu sehemu ya tano ya nishati ya mwili uliotulia, haupendi sukari inayopanda na kushuka. Aliyekunywa juisi tupu ya embe saa nne asubuhi anaweza kujikuta saa sita anasinzia na hasira juu. Kwa hiyo tango, karoti, nyanya na tangawizi ziwe nyingi, embe na nanasi viwe vya kuonjesha ladha. Usiongeze sukari. Ukitumia blenda, usichuje: yale makapi ndiyo yanayoipunguza kasi sukari, na ndiyo yanayoshibisha.

Kuna mboga na matunda ya kuogopa. Mchicha mbichi, spinachi na bitiruti vina oksaleti nyingi, nayo ikizidi huganda kwenye figo. Kiganja kimoja kwa siku hakina neno kwa mwenye figo nzima, fungu zima ni jambo jingine. Birimbi tunazozitia kwenye achari zisiingie kabisa kwenye blenda. Kusini mwa India madaktari wameripoti watu walioharibikiwa figo ghafla baada ya kunywa juisi yake nzito. Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi, hicho ni cha kutwangwa na kuchemshwa. Na mkojo ukiwa mwekundu baada ya bitiruti, usishtuke, ni rangi yake tu.

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza, jikoni pawe tayari. Maji yamechemshwa hadi kutokota, yamepoa, yamefunikwa. Matunda yameoshwa kwa maji hayo kabla ya kumenywa, maana kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Chupa na mifuniko vimesuuzwa kwa maji moto. Barafu ya kununua iache, hujui maji yake yalitoka wapi, na kipindupindu na taifodi hupita humo humo. Saga ya siku moja tu, weka kwenye friji; umeme ukikatika mchana kutwa, mwaga usaga upya. Pembeni weka maji ya kunywa na supu nyepesi ya mboga yenye chumvi kidogo. Sanamaki na chumvi ya haluli zibaki kabatini: kuharisha juu ya njaa kunamaliza maji na chumvi za mwili kwa wakati mmoja.

Kisha nia. Anayefunga Ramadhani au Kwaresima anajua kwamba njaa isiyo na nia ni njaa tu. Andika kwenye karatasi mstari mmoja: nafanya hivi kwa sababu gani. Amua simu itazimwa saa ngapi, utalala saa ngapi, na saa kumi jioni utafanya nini, kwa sababu saa kumi jioni jirani atakaanga chapati, harufu itapita dirishani, na hutakuwa na akili ya kupanga wakati huo. Kutembea taratibu kunasaidia. Kwa maoni yangu ule wepesi wa akili wanaousifia watu hutokana zaidi na kulala mapema na kuikosa simu kuliko karoti.

Mwambie mtu mmoja wa nyumbani unachofanya, na mkubaliane mapema dalili za kuacha: kizunguzungu kisichoisha ukikaa, moyo kwenda mbio, kutapika, jasho baridi na kutetemeka, kuchanganyikiwa. Akiziona, akupe chakula bila mjadala. Zisipopoa, au ukizimia, ni hospitali.

Na chakula cha kufungulia kinunuliwe kabla. Asubuhi ya tatu papai na uji mwepesi, mchana viazi vya kuchemsha na maharage au yai, jioni wali kidogo na samaki. Biriani isubiri siku ya nne.