Somo: Kuchagua kapi na waya wa winchi ya gari

Tuchukue winchi (mashine ya kuvutia gari kwa waya) ya kilo 4,000.

Hatua ya 1, kapi, yaani gurudumu lenye mfereji wa kupitisha waya. Waya ukizunguka kapi lililofungwa mtini na kurudi garini, kila upande unavuta hadi kilo 4,000, na kapi linabeba pande zote mbili: kilo 8,000. Kapi la tani 4 hapo ni la kuua mtu. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma. Unatafuta uzito wa kazi (mzigo linaloruhusiwa kubeba), si uzito wa kukatikia. Muuzaji asipojua ni ipi, liache dukani. Mkanda wa mti (unaozungushwa mtini) na shakeli (pingu ya chuma inayounganisha mkanda na kapi) navyo hubeba tani 8 hizo hizo. Shakeli iliyozoeleka ya milimita 19 ni ya tani 4.75, haitoshi. Chukua ya milimita 25, tani 8.5.

Hatua ya 2, mfereji wa kapi. Uzidi unene wa waya kidogo tu. Ukibana, waya unasagika. Ukiwa mpana mno, waya unabapa.

Hatua ya 3, waya. Wa chuma wa milimita 9.5, ukiwa mpya, hukatika kwenye tani 6.5 hivi. Vaa glavu za ngozi, pitisha kitambaa urefu wote: kikinasa, pana uzi uliokatika. Waya uliojikunja na kubaki na kikunjo, uliofumuka au ulioliwa na kutu, badilisha.

Hatua ya 4, kuvuta. Kulabu irudi kwenye sehemu ya kuvutia iliyofungwa kwenye chesisi, kamwe si kwenye kichwa cha trela (tufe la kufungia trela). Bakiza mizunguko 5 ya waya kwenye ngoma (sehemu ya winchi inayozungushiwa waya), au 8 kwa kamba ya sintetiki, maana skrubu inayoshika mwisho wa waya haiwezi kushika mzigo peke yake. Tandika blanketi zito juu ya waya. Asisimame mtu ndani ya pembe ya kapi.

Maswali ya wanachama

Fundi, kapi la waya linafaa kwa kamba ya sintetiki?
Mara chache. Waya huacha makovu makali mferejini, nayo hukata nyuzi za kamba. Pitisha kidole, ukihisi mkwaruzo, tafuta jingine.

Waya umekatika karibu na kulabu. Nifunge klipu za U?
Kwa dharura, ndiyo. Tandiko la klipu (kipande ambacho miguu ya U hupita) likae upande mrefu unaobeba mzigo, U ikae kwenye mkia mfupi. Ukigeuza, U inaponda waya unaovuta. Hata zikifungwa sawasawa unabaki na takriban asilimia 80 ya nguvu, kwa hiyo vuta taratibu, kisha peleka mwisho wa waya ukabanwe upya kwa mashine.

Nikitumia kapi kukata kona tu?
Kona ya nyuzi 90 hubebesha kapi kilo 5,700 hivi, na gari haliongezewi nguvu yoyote.